Mtoto haachi kukohoa: Kinga yake ni mbovu au bado inajifunza?

Mtoto wa miaka miwili amemaliza dawa Jumatano. Jumatatu inayofuata ameamka na kamasi, anakohoa, na ilipofika usiku joto limepanda. Ni mara ya tano tangu mwaka uanze, na ndiyo kwanza mwezi wa sita.

Bibi aliyekuja kumwona mjukuu ana jibu lake. "Mwanangu, huyu ana kimeo. Mpelekeni akakatwe, mtapumzika." Baba anasema, "Mama, ngoja kwanza nipitie duka la dawa, ninunue ile ile ya mwezi uliopita." Jirani naye anasifia chupa ya dawa ya kuongeza kinga. Mama wa mtoto amekaa katikati na swali moja: kwa nini huyu tu, wakati kaka yake hakuwa hivi?

Nyumba nyingi zinakijua kikao hiki. Mara nyingi kinaishia kwenye uamuzi wa haraka, kwa sababu hakuna aliyeuliza swali la msingi: je, seli zinazomlinda mtoto huyu zinafanya kazi yake au hazifanyi?

Mara ngapi ni nyingi?

Mtoto mdogo mwenye afya njema hupata mafua na vikohozi vya virusi mara sita hadi nane kwa mwaka. Anayekwenda chekechea, au anayelala chumba kimoja na ndugu wanaosoma, anaweza kufika mara kumi au zaidi. Kila mafua huchukua siku 7 hadi 10, na kikohozi kinaweza kubaki wiki mbili au tatu baada ya hapo.

Hesabu ikipigwa, mafua manane ya siku kumi kumi ni siku 80 za kamasi kwa mwaka. Kwa kuwa hayagawanyiki sawasawa bali hurundikana katika miezi ya baridi na mvua, mzazi huona kama mtoto hajapata hata wiki moja ya kupumzika. Kumbe ni wagonjwa wawili tofauti waliopokezana zamu kwenye pua moja.

Sababu ni wingi wa virusi vyenyewe. Vinavyoleta mafua ni zaidi ya aina 200, na kundi moja tu, linaloitwa rinovirusi, lina aina zaidi ya 150. Kinga iliyopatikana kwa kuugua aina moja haimsaidii sana mtoto inapokuja nyingine. Mtu mzima haugui hivyo kwa sababu alishavipitia vingi utotoni.

Ndiyo maana daktari wa watoto haishii kuuliza idadi. Anauliza ugonjwa ulikaa wapi, ulikuwa mkali kiasi gani, na mtoto alikuwaje katikati ya ugonjwa mmoja na mwingine. Mtoto aliyeugua mafua mara nane, lakini akipona anakimbia, anakula na kuongezeka kilo, mara nyingi kinga yake iko kazini. Mtoto aliyelazwa kwa nimonia mara mbili ndani ya mwaka mmoja anahitaji kuchunguzwa, hata kama mafua yake yanahesabika.

Kazi ya kila seli

Seli nyeupe za damu ndizo askari wa mwili, na kila kikosi kina kazi yake.

Kikosi cha kwanza ni nyutrofili. Hutengenezwa kwenye uboho wa mifupa kwa mabilioni kila siku na huishi muda mfupi sana. Bakteria wakiingia, nyutrofili hutoka kwenye mshipa wa damu, huwafuata, huwameza na kuwaua kwa kemikali kali. Usaha kwenye jipu ni mizoga ya askari hawa pamoja na adui zao.

Hata rangi ya kamasi hutokana nao. Kamasi inapogeuka njano au kijani, wengi huamini ni dalili ya bakteria na hukimbilia antibiotiki. Rangi hiyo huletwa na kimeng'enya chenye rangi ya kijani kilichomo ndani ya nyutrofili, na nyutrofili huja puani hata kama aliyeingia ni kirusi. Kamasi ya kijani peke yake, kwa mtoto anayecheza na kula, si sababu ya kununua antibiotiki.

Kikosi cha pili ni seli T. Huzaliwa kwenye uboho lakini hufundishwa kwenye tezi ya thaimasi, iliyo kifuani nyuma ya mfupa wa kati. Baadhi yao huua seli za mwili zilizokwisha kuvamiwa na virusi, na wengine, waitwao CD4, huamrisha vikosi vingine.

Kikosi cha tatu ni seli B. Hawa hutengeneza protini ziitwazo kingamwili, ambazo humganda adui ili amezwe kwa urahisi. Seli B pia hutunza kumbukumbu, na hiyo ndiyo kumbukumbu ambayo chanjo huijenga.

Pengo la miezi ya mwanzo

Mtoto hazaliwi mikono mitupu. Katika miezi ya mwisho ya ujauzito mama humpitishia kingamwili zake kwa njia ya kondo la nyuma. Maziwa ya mama, hasa yale ya mwanzo yenye rangi ya njano, huongeza kingamwili nyingine zinazolinda koo na utumbo.

Akiba ile ya tumboni hupungua kila wiki. Kati ya miezi mitatu na sita ya mama imekwisha kwa kiasi kikubwa, na ya mtoto mwenyewe haijakomaa. Nyutrofili za mtoto mchanga nazo hutembea polepole kuliko za mtu mzima, na akiba yake kwenye uboho ni ndogo. Chini ya miaka miwili seli B bado hazijui vizuri kuwatambua bakteria waliojifunika ganda la sukari, akiwamo nyumokokasi, anayeongoza kwa kuleta nimonia kali ya bakteria.

Chanjo ya nimonia inayotolewa Tanzania na Kenya mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14 ilitengenezwa kuziba pengo hilo. Sukari ya ganda la bakteria imeunganishwa na protini ili seli changa ziweze kuitambua. Dozi moja ikirukwa, mtoto huachwa wazi katika umri ambao anaihitaji zaidi.

Seli zinapokosea, huacha alama

Seli zenye hitilafu ya kuzaliwa nayo ni tatizo la watoto wachache, lakini lipo, na kila kikosi kikikosekana huacha alama yake.

Mwaka 1952, daktari wa jeshi la Marekani, Ogden Bruton, alimchunguza mvulana wa miaka minane katika hospitali ya Walter Reed. Mtoto huyo alikuwa ameshambuliwa na nyumokokasi mara nyingi, akipona na kuugua tena. Damu yake ilipopimwa, ilikutwa haina kingamwili. Bruton akaanza kumchoma sindano za kingamwili zilizotolewa kwenye damu ya watu wengine, na yale maambukizi makali yakakoma. Miaka mingi baadaye, mwaka 1993, ilijulikana kuwa ugonjwa huo hutokana na kasoro ya jini moja inayozizuia seli B kukomaa.

Ugonjwa huu huwapata wavulana, na kasoro hutoka upande wa mama. Dalili huanza baada ya miezi sita, akiba ya mama inapoisha: nimonia inarudi, masikio yanatoa usaha, dawa ikiisha na ugonjwa unarudi. Kwa hiyo daktari akimuuliza mama kama ana kaka waliofariki wakiwa wadogo, hachimbi mambo ya ukoo. Anawatafuta wajomba wa mtoto.

Zikikosekana seli T, hali huwa mbaya mapema zaidi. Mtoto huanza kuugua katika miezi ya mwanzo: kuharisha kusikokoma, utando mweupe mdomoni usioisha, nimonia, na uzito kusimama. Kwa mtoto wa namna hii hata chanjo zenye vimelea hai vilivyopunguzwa nguvu, kama BCG, zinaweza kumletea madhara. Tezi ya kwapa ikivimba sana na kutoa usaha kwa muda mrefu baada ya BCG, irudishwe kliniki ionwe.

Nyutrofili zikiwa chache, au zikiwapo lakini haziui, alama zake ni majipu makubwa yanayojirudia, vidonda vya mdomo na fizi, na usaha kwenye tezi au ini. Kuna hitilafu nyingine ambapo nyutrofili zimo kwenye damu tele lakini haziwezi kutoka kwenye mshipa kwenda palipo na adui. Mtoto hupata vidonda visivyotoa usaha, na kitovu chake huchelewa kukatika. Kitovu ambacho hakijakatika baada ya wiki nne ni jambo la kumweleza muuguzi.

Askari wazima waliozidiwa

Katika Afrika Mashariki, kinga inapodhoofu mara nyingi sababu si kasoro adimu ya kuzaliwa. Kuna sababu nyingine za kawaida zaidi, na nyingi zinatibika au kuzuilika.

Ya kwanza ni VVU, vinavyoshambulia seli za CD4. Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye maambukizi hupimwa mapema, tangu akiwa na wiki sita, na akianza dawa mapema seli zake hulindwa. Mama aliyepima mwanzoni mwa ujauzito na kuambiwa hana maambukizi anaweza kuyapata baadaye, akiwa bado mjamzito au akinyonyesha. Mtoto anayerudia nimonia hupimwa tena, na ombi hilo la daktari si tuhuma kwa ndoa ya mtu.

Ya pili ni selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na ugonjwa huu duniani. Bandama, ambayo huchuja bakteria kutoka kwenye damu, huharibika mapema kwa watoto hawa. Seli nyeupe wanazo, lakini kituo cha ukaguzi kimefungwa, na nyumokokasi anaweza kumuua mtoto kwa saa chache. Ndiyo maana hupewa penisilini kila siku hadi wafike miaka mitano.

Ya tatu ni utapiamlo, unaodhoofisha kinga ya watoto wengi kuliko sababu nyingine yoyote duniani. Tezi ya thaimasi husinyaa mtoto anapokosa chakula cha kutosha. Upungufu wa madini ya zinki na vitamini A huharibu ngozi laini ya ndani ya njia ya hewa. Matone ya vitamini A yanayotolewa kila baada ya miezi sita, tangu mtoto afikishe miezi sita hadi miaka mitano, yana kazi hiyo.

Ya nne ni surua. Kirusi chake huua seli za kumbukumbu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliofanywa kwa watoto wa Uholanzi ambao hawakuchanjwa, ulionyesha kuwa surua ilifuta kati ya asilimia 11 na 73 ya aina za kingamwili walizokuwa nazo. Mtoto hupona vipele, lakini kwa muda mrefu huugua magonjwa ambayo mwili wake ulishayajua. Chanjo ya miezi 9 na ile ya miezi 18 humkinga, na ile ya pili ndiyo husahaulika.

Ya tano iko jikoni. Moshi wa kuni na mkaa hulemaza vinyweleo vinavyosukuma makohozi kutoka kwenye mapafu na huzidhoofisha seli zinazosafisha vifuko vya hewa. Shirika la Afya Duniani linasema moshi wa ndani ya nyumba huongeza karibu mara mbili hatari ya mtoto kupata maambukizi ya mapafu. Sigara ya baba huingia humo humo.

Na pengine kinga haina kosa lolote. Pumu hufanana sana na "kifua kinachojirudia", hasa kikohozi cha usiku chenye mluzi. Nyama za puani humfanya mtoto akorome na kupumua kwa mdomo. Nimonia inayorudi upande ule ule wa pafu huweza kusababishwa na punje ya karanga iliyopaliwa miezi kadhaa nyuma. Na kikohozi kinachozidi wiki mbili, nyumbani mkiwa na mtu mzima anayekohoa, hutaka uchunguzi wa kifua kikuu.

Karatasi ya kipimo cha damu

Kipimo cha kwanza ni picha kamili ya damu, na hospitali nyingi za wilaya zinacho. Karatasi yake huwatia wazazi hofu kwa alama za juu na chini ambazo mara nyingi mashine imepima kwa viwango vya watu wazima.

Mtoto chini ya miaka minne au mitano kwa kawaida huwa na limfosaiti, yaani seli T na B, nyingi kuliko nyutrofili. Kwa mtu mzima ni kinyume chake. Pia watu wengi wenye asili ya Afrika wana nyutrofili chache kidogo kuliko viwango vya Ulaya, kati ya 1,000 na 1,500, na hawaugui zaidi ya wengine.

Kinachomshtua daktari ni nyutrofili chini ya 500, au limfosaiti chini ya 3,000 kwa mtoto mchanga. Hata hivyo, kirusi cha kawaida kinaweza kuzishusha seli kwa siku kadhaa. Kwa mtoto ambaye hali yake si mbaya, daktari huweza kuagiza kipimo kirudiwe baada ya wiki kadhaa, akiwa amepona. Kikibaki vile vile, hufuata vipimo vya kiwango cha kingamwili na vingine vya hospitali kubwa.

Kimeo, sirapu na chupa ya kinga

Kimeo ni kinyama kidogo kinachoning'inia nyuma ya kinywa. Koo likivimba kwa mafua nacho huvimba, kwa hiyo aliyekiangalia akakiona kirefu hakudanganya. Lakini kimevimba kwa sababu ya ugonjwa, hakikuuleta. Kukikata kumewaletea watoto damu isiyokatika, maambukizi ya damu, pepopunda, na hatari ya VVU pale wembe unapotumika kwa zaidi ya mmoja. Wapo waliofariki.

Wanaoapa kwamba kulimponya mtoto wao nao hawasemi uongo. Kikohozi cha virusi huisha chenyewe ndani ya wiki mbili au tatu, muda ule ule ambao kidonda cha kimeo hupona.

Antibiotiki ya duka la dawa haiui virusi. Inawafundisha bakteria kuizoea, ili siku mtoto atakapopata nimonia ya kweli dawa isimsaidie. Na chupa ya kuongeza kinga haiwezi kuumba seli ambazo uboho hautengenezi. Fedha hiyo ikinunua mayai, dagaa, maharage na matunda, seli zitapata cha kujengea.

Dalili za kumpeleka akachunguzwe kinga

Mtoto mwenye mambo mawili au zaidi kati ya haya afikishwe kwa daktari wa watoto:

- Nimonia mara mbili au zaidi kwa mwaka.
- Maambukizi mapya ya sikio mara nne au zaidi kwa mwaka.
- Antibiotiki kwa miezi miwili au zaidi bila nafuu.
- Kuhitaji dawa za mshipa ili maambukizi yaishe.
- Maambukizi ya ndani, kama ya damu au uti wa mgongo, mara mbili au zaidi.
- Majipu makubwa yanayojirudia kwenye ngozi au viungo vya ndani.
- Utando mweupe mdomoni usioisha baada ya mwaka mmoja.
- Uzito kusimama au kushuka kwenye kadi ya kliniki.
- Ndugu wa damu mwenye hitilafu ya kinga, au watoto wa ukoo waliofariki wadogo kwa maambukizi.

Lakini mtoto anayepumua kwa shida hasubiri orodha hiyo. Akiwa ametulia, pumzi zihesabiwe dakika moja nzima kwa saa ya simu. Pumzi 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, 50 au zaidi kwa wa miezi miwili hadi 11, na 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, ni za kumpeleka kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea na kusinzia isivyo kawaida, apelekwe hata kama ni usiku wa manane.

Daftari la shilingi chache

Pale sebuleni, mama wa mtoto alichukua daftari la kaka mtu na kuandika: tarehe, ugonjwa, dawa, siku alizougua, uzito. Mara tano za mwaka huu zilipoandikwa moja chini ya nyingine, tatu zilikuwa mafua ya kawaida. Mbili zilikuwa nimonia, na zote mbili alilazwa akachomwa sindano. Kadi ya kliniki nayo ilionyesha uzito haujapanda tangu Machi.

"Mama, kimeo tusikiguse," alimwambia bibi. "Kesho asubuhi tunakwenda naye hospitali ya wilaya, na daftari hili tunalibeba."

Bibi alilitazama lile daftari kwa muda. "Sawa, mwanangu. Basi mwandikie daktari na yule mdogo wako wa kiume tuliyemzika akiwa na mwaka na nusu. Naye kilikuwa kifua hiki hiki."